Kwa nini mistari miwili yenye urefu sawa huendelea kuonekana tofauti hata baada ya kupimwa kwa rula?

Mwalimu wa Michoro ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninawasalimu. Ninafundisha uchoraji wa kiufundi, na ninaomba msaada wa wale waliosoma mambo ya uoni kwa undani, kwa sababu wanafunzi wangu huniuliza swali ambalo vitabu vya uchoraji huligusa kwa sentensi moja kisha vikaendelea na mengine.

Mchoro wenyewe wengi mnaufahamu. Chora mistari miwili ya mlalo, kila mmoja wa sentimita 10, mmoja chini ya mwingine. Kwenye kila ncha ya mstari wa kwanza weka mabawa mawili mafupi yanayorudi ndani, ili ncha zote mbili ziwe vichwa vya mishale. Kwenye ncha za mstari wa pili, yafungue mabawa yaelekee nje. Papo hapo mstari wa pili unaonekana mrefu kuliko wa kwanza, tena si kwa kiasi cha kubishaniwa. Mwanafunzi akiweka rula anakuta sentimita 10 na sentimita 10, lakini akiiondoa tu tofauti inarudi palepale, kana kwamba hakuna kilichopimwa.

Ninayo maswali matatu. La kwanza, kwa nini kuujua ukweli hakulisahihishi jicho? Katika mambo mengine mtu akishaelezwa kosa lake hulirekebisha, ila hapa anayejua na asiyejua wanaona kitu kilekile. La pili, nimesoma kwamba watu waliokulia katikati ya majengo yenye kona za mraba hudanganyika zaidi kuliko waliokulia katika mazingira yasiyo na kona hizo. Je, jambo hilo limethibitishwa, au ni dai linalorudiwa kwa sababu linapendeza kulisimulia? La tatu ni la kazi: mtu anayechora kitu kitakachotazamwa na watu afuate rula au afuate jicho? Nauliza hili kwa sababu nimeona pia kwamba mstari wima huonekana mrefu kuliko mstari mlalo unaolingana nao, hasa katika umbo la T iliyopinduliwa, ambako hakuna mabawa yoyote.

Mwanasaikolojia amejibu:

Mwalimu, nashukuru kwa swali lililopangwa vizuri. Nitajibu zaidi lile la kwanza, kwa kuwa ndilo lenye uzito, na wengine watanisaidia katika mengine.

Mchoro huo ulitangazwa mwaka 1889 na Mjerumani Franz Carl Müller-Lyer, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Hata hivyo, utafiti wa viinimacho vya urefu ulikuwa umeanza kabla yake. Adolf Fick alikwisha kuandika kuhusu mstari wima na mstari mlalo mwaka 1851, na mwaka 1855 Johann Joseph Oppel alieleza kwamba nafasi iliyojazwa vijistari vingi huonekana ndefu kuliko nafasi tupu inayolingana nayo.

Kabla ya kueleza sababu, ni vema tuelewane kuhusu jinsi kiinimacho kinavyopimwa, kwa maana hapo ndipo ajabu yake inapojitokeza. Mtafiti hamwulizi mtu kama mistari ni sawa au si sawa. Humpa mstari mmoja usiobadilika na mwingine unaoweza kurefushwa na kufupishwa, kisha humwambia aurekebishe mpaka uonekane sawa na wa kwanza. Tofauti kati ya urefu aliouchagua na urefu wa kweli ndiyo ukubwa wa kiinimacho kwa mtu huyo. Sasa zingatia mambo mawili. Mistari ikiwa mitupu, bila mabawa, jicho la kawaida hutambua tofauti ya takribani asilimia 2 au 3 tu, na makosa yake huangukia pande zote, mara huzidisha, mara hupunguza. Mabawa yakiongezwa, jicho hilohilo linaweza kukosea kwa asilimia 20 au zaidi, na makosa ya karibu watu wote huelekea upande mmoja. Kosa la uzembe halina tabia hiyo. Hili ni kosa linalozalishwa na utaratibu, na kazi yetu ni kuutafuta utaratibu huo.

Maelezo yanayojulikana zaidi ni ya mwanasaikolojia wa Uingereza Richard Gregory, aliyoyachapisha mwaka 1963. Yeye alianza na ukweli kwamba uoni haukuumbwa upime taswira iliyo ndani ya jicho, bali ukadirie ukubwa wa vitu vilivyoko nje, vikiwa mbali au karibu. Nyosha mkono mmoja mpaka mwisho, mwingine uukunje hadi nusu ya umbali huo, kisha vitazame viganja vyako bila kuvipishanisha. Taswira ya kiganja kilicho karibu ni takribani mara mbili ya kile cha mbali, lakini huvioni kuwa na ukubwa tofauti kiasi hicho, kwa sababu ubongo umekwisha kuhesabu umbali na kurekebisha ukubwa bila kukuomba ruhusa. Kwa mujibu wa Gregory, mabawa hufanya kazi kama dalili za umbali. Mabawa yaliyofunguka nje hufanana na kona ya ndani ya chumba, ile iliyo mbali na mtazamaji. Mabawa yaliyorudi ndani hufanana na kona ya nje ya jengo, ile inayomwelekea. Taswira zikiwa sawa na kimoja kikahesabiwa kuwa mbali zaidi, basi kilicho mbali lazima kiwe kikubwa zaidi, na ubongo unakirefusha. Mchoro wa Mwitalia Mario Ponzo, ambamo vijistari viwili vinavyolingana huwekwa kati ya mistari miwili inayokaribiana kuelekea juu, huelezwa kwa njia hiyohiyo: kijistari cha juu huonekana kirefu kwa sababu mistari inayokaribiana inaashiria kina.

Hapa ndipo penye jibu la swali lako. Marekebisho haya hufanyika katika hatua za uoni zinazotangulia fikira, na matokeo yake hufika kwenye fikira yakiwa yamekamilika. Ujuzi wa kwamba kila mstari ni sentimita 10 unakaa upande wa fikira, na upande huo hauna mlango wa kurudi nyuma kwenda kubadilisha hesabu iliyokwisha kufanyika. Unaweza kukataa kuyaamini macho yako, lakini huwezi kuyaamuru yaone vingine.

Niongeze jambo moja ambalo mara nyingi huachwa. Ingawa maelezo hayasaidii, mazoezi husaidia kwa kiasi fulani. Imejulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba mtu anayeutazama na kuurekebisha mchoro uleule mara nyingi mfululizo hudanganyika kwa kiasi kinachozidi kupungua, hata kama hakuambiwa kuwa anakosea. Kwa hiyo si kwamba mfumo huo haufundishiki kabisa. Haufundishiki kwa maneno.

Uoni na Ubongo amejibu:

Nimesoma kwa makini aliyoyaandika mwenzangu hapo juu, na upande wa vipimo ninakubaliana naye kikamilifu. Maelezo ya kona, hata hivyo, mimi nayaona yamepewa nafasi kubwa kuliko ushahidi unavyoruhusu, na ningependa Mwalimu asiyapeleke darasani kana kwamba ndiyo hitimisho.

Anza na jaribio ambalo mwanafunzi yeyote anaweza kulifanya kwa penseli. Ondoa mabawa, na mahali pake chora duara kwenye kila ncha. Katika mstari wa kwanza maduara yawe upande wa ndani, yakiukalia mstari wenyewe. Katika wa pili yawe nje, yakizigusa ncha tu. Hakuna kona yoyote hapo, wala dalili ya chumba au jengo, lakini mstari wenye maduara ya nje bado unaonekana mrefu zaidi. Ukitumia miraba badala ya maduara, matokeo ni yaleyale. Zaidi ya hapo, kosa hili hutokea hata kwa kugusa: mistari ikichorwa kwa mwinuko na mtu akaipapasa kwa vidole, anaikadiria vibaya kwa mwelekeo uleule, na jambo hili limeonekana pia kwa watu waliozaliwa vipofu. Njiwa nao wamejaribiwa wakaonekana kudanganyika. Kona za vyumba haziwezi kubeba mzigo wote huo.

Maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu zaidi yanahusu namna mfumo wa uoni unavyoitafuta ncha. Ili kukadiria urefu ni lazima ujue mstari unaanzia wapi na unaishia wapi, lakini uoni haushiki nukta moja kwa usahihi wa sindano. Hukusanya habari kutoka eneo dogo linaloizunguka nukta hiyo na kutoa wastani wake. Mabawa yakiwa ndani, wastani huvutwa ndani na mstari unakadiriwa kuwa mfupi. Yakiwa nje, wastani huvutwa nje na mstari unarefuka. Nadharia hii ina uzuri wa kutabiri mambo yanayopimika. Inatabiri kwamba mabawa yaliyokaribia kulala juu ya mstari, kwa pembe ya nyuzi 20 au 30, yatapotosha zaidi kuliko mabawa ya nyuzi 60 au 70, na kwamba yakifika nyuzi 90 upotoshaji utakwisha, kwa kuwa hayavuti upande wowote. Ndivyo inavyokuwa. Sidai kwamba dalili za umbali hazina mchango wowote, maana katika mchoro wa Ponzo nadhani mchango wake ni mkubwa, ila katika mchoro wa Müller-Lyer naamini zinakuja nyuma ya jambo hili la ncha.

Kuhusu swali la pili, yaani mazingira ya makuzi, historia yake ni ndefu na inastahili kuelezwa kwa uangalifu. Mwaka 1898 msafara wa wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Cambridge ulikwenda katika visiwa vya mlango-bahari wa Torres, kati ya Australia na New Guinea, na W. H. R. Rivers akawapima wakazi wa huko kwa michoro hii. Aligundua kwamba walidanganyika kidogo kuliko Waingereza katika mchoro wa mabawa, lakini walidanganyika zaidi katika mchoro wa wima na mlalo. Tokeo hilo la pande mbili lina thamani kubwa kuliko watu wanavyolipa. Kama tatizo lingekuwa ni watu fulani kutozoea michoro kwenye karatasi, au kutoelewa maagizo, basi wangetofautiana na wengine kwa namna moja katika michoro yote miwili.

Kisha mwaka 1966 Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits walichapisha kazi kubwa iliyolinganisha jamii nyingi, kadhaa kati yake zikiwa za Afrika. Wakazi wa Evanston katika jimbo la Illinois nchini Marekani ndio waliodanganyika zaidi kwa mchoro wa mabawa, na Wasan wa Kalahari walikuwa miongoni mwa waliodanganyika kidogo sana. Watafiti hao waliona kwamba anayekulia katika mazingira yaliyojengwa kwa mbao na kuta zilizonyooka hujifunza kuzisoma pembe kama kona za vitu vyenye kina. Wazo hilo ndilo ulilolisoma. Lilipata wapinzani mapema. Wengine walihoji kama tofauti za rangi ndani ya jicho lenyewe zingeweza kuathiri matokeo, na wengine walihoji namna watu walivyopimwa.

Ushahidi uliobadilisha mtazamo wangu ulitoka India mwaka 2015. Watafiti waliwapima watoto 9, wenye umri kati ya miaka 8 na 16, waliozaliwa wakiwa hawaoni kwa sababu ya mtoto wa jicho wa macho yote mawili, ambao walikuwa wamefanyiwa upasuaji na kuanza kuona muda mfupi tu kabla ya jaribio. Watoto hao walidanganyika na mchoro wa Müller-Lyer na wa Ponzo pia. Hawakuwa na miaka ya kuzitazama kona za vyumba. Kwa hiyo, Mwalimu, jibu langu ni kwamba tofauti za ukubwa wa kosa kati ya makundi ya watu ziliripotiwa kweli na watafiti makini, lakini dai kwamba kiinimacho chenyewe huzaliwa na majengo halisimami tena kwa urahisi. Yeyote anayewaambia wanafunzi kwamba watu fulani hawakioni kabisa anakwenda mbali kuliko vipimo vilivyofanyika.

Msanifu wa Herufi amejibu:

Mimi si mtu wa maabara. Ninabuni maumbo ya herufi za uchapaji, na katika kazi hii jicho ndilo bosi, kwa hiyo swali la tatu linanigusa moja kwa moja.

Chukua herufi O na H za maandishi yoyote yaliyobuniwa vizuri, uzikuze sana kwenye skrini, kisha uvute mstari mlalo juu na chini ya H. Utakuta O imevuka mstari huo kidogo, juu na chini. Kama zingelingana kwa rula, O ingeonekana fupi, kwa sababu mpindo wake unaugusa mstari kwa nukta moja tu ilhali H inaukalia kwa miguu yote miwili. Tazama pia ule upau wa katikati wa H: hauko katikati, uko juu kidogo, kwa kuwa katikati ya kweli huonekana kuwa chini. Mikono ya mlalo ya E na T huchorwa myembamba kidogo kuliko nguzo zake za wima ili zote zionekane na unene mmoja. Ukitaka kuyaona yote haya kwa mara moja, geuza ukurasa juu chini na uitazame S; tumbo lake la chini, ambalo hukuwahi kuona kuwa ni kubwa, litakuwa limehamia juu na ukubwa wake hautafichika.

Kuhusu T iliyopinduliwa, ndani yake mna makosa mawili yaliyoungana, na ni vizuri kuyatenganisha. Chora kwanza L yenye mikono inayolingana. Mkono wa wima utaonekana mrefu, lakini kwa asilimia chache tu. Huo ndio upendeleo wa jicho kwa wima ukiwa peke yake. Kisha hamisha mstari wima uusimamishe katikati ya ule wa mlalo. Tofauti inakua sana, kwa sababu sasa mstari mlalo umekatwa vipande viwili, na mstari uliokatwa na mwingine huonekana mfupi. Ilaze T hiyo ubavu na utaona makosa hayo mawili yakipingana badala ya kusaidiana. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Künnapas alionyesha kwamba hata fremu inayozunguka mchoro huchangia, kwani mstari unaokaribia kingo za fremu huonekana mrefu zaidi, na alifikiri kwamba eneo letu la kuona, ambalo ni pana kuliko kimo chake, huwa fremu ya namna hiyo kwa kila tunachokitazama.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni lile tao la chuma la St. Louis nchini Marekani. Kimo chake ni mita 192, na upana wake chini, kutoka mguu mmoja hadi mwingine, ni mita 192 pia, lakini wengi wanaolitazama hulitaja kuwa refu kuliko upana wake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na ninausema kwa uzito wote: mchoro ambao mtu atautumia kutengeneza kitu ufuate rula, na kitu ambacho mtu atakitazama ili akipende au akisome kifuate jicho. Wachoraji wa kiufundi mna kanuni nzuri inayolinda kazi yenu, kwamba kipimo husomwa kwenye namba iliyoandikwa na si kwa kukadiria au kupima kwenye karatasi. Kumbuka kwamba mstari wa kipimo wenye vichwa vya mishale ni nusu ya mchoro wa Müller-Lyer. Unapoonyesha vipimo viwili jirani, kimoja mishale yake ikiwa ndani na kingine mishale yake ikielekezwa kutokea nje kwa sababu nafasi haitoshi, jicho la msomaji halina budi kupotoka. Mishale ikiwa midogo, au ikibadilishwa kwa vijistari vya mshazari kama wanavyofanya wasanifu wengi wa majengo, msukumo huo hupungua.

Mwalimu wa Michoro ameandika tena:

Nawashukuru nyote, na hasa kwa kuyatenganisha mambo ambayo mimi nilikuwa nimeyaweka katika fungu moja. Ningependa sasa wanafunzi wapime kosa hili wenyewe badala ya kuambiwa. Nafikiria kutengeneza kadi mbili, moja ikiteleza ndani ya nyingine, ili mstari wenye mabawa ya nje uweze kurefushwa na kufupishwa mkabala na ule wa sentimita 10 wenye mabawa ya ndani, na nyuma ya kadi kuwe na milimita za kusomea jibu. Je, kuna jambo la kuangalia ili vipimo viwe na maana?

Mwanasaikolojia amejibu:

Kifaa cha namna hiyo kimetumika kwa muda mrefu, Mwalimu, na kinatosha kabisa. Zingatia mambo machache. Kila mwanafunzi aanze baadhi ya zamu na mstari ukiwa mfupi mno na nyingine ukiwa mrefu mno, kwa sababu mkono huelekea kusimama mapema na jibu hubaki limevutwa upande ulikoanzia. Wastani wa zamu zote ndio utumike. Asione milimita kabla hajamaliza zamu zake zote. Tengeneza pia kadi isiyo na mabawa, kwani bila hiyo hutaweza kusema ni sehemu gani ya kosa inayotokana na mabawa na ni ipi inayotokana na kukadiria kwa kawaida.

Na kwa kuwa mwenzetu ametaja pembe, tengeneza kadi za nyuzi 30, 60 na 90, kisha kila mwanafunzi aandike utabiri wake kabla ya kupima. Maelezo ya wastani wa ncha yanatabiri kosa likipungua kwa hatua kutoka kadi ya kwanza hadi ya mwisho. Sina hakika kwamba nitakubali kila alichokisema kuhusu Gregory, lakini katika hili ninatarajia vipimo vya darasa lako vitakuwa upande wake.